Mwaka wa Kwanza Ugenini: Mwongozo wa Maisha ya Kila Siku kwa Mmisionari wa Muda Mrefu

Kila kanisa likitangaza kwamba fulani anakwenda kutumika nchi ya mbali, juma haliishi kabla sijapokea maswali yaleyale. Nibebe nini? Lugha itanichukua muda gani? Watu wakiniomba pesa nifanyeje? Watoto je? Nimeyajibu sana kwa simu, kipande leo kipande kesho, mpaka nikaona heri niyaandike yote pamoja.

Sitafundisha hapa namna ya kuhubiri wala kuanzisha kanisa. Hayo utayapata chuoni na kwa wazee wako. Nazungumzia Jumanne asubuhi: maji yamekatika, kibali hakijatoka, hujui hata kumpa jirani pole, na mwenzi wako alilia usiku kucha. Wengi niliowaona wakirudi nyumbani mapema walishindwa na siku ya kawaida kama hiyo, imani yao ikiwa bado nzima. Kwa hiyo siku ya kawaida ndiyo ya kujiandalia.

Unavyohitaji kabla ya kuondoka

- Pasipoti yenye muda mrefu mbele. Nchi nyingi hudai ibaki na walau miezi 6, lakini wewe unayekwenda kukaa miaka, ipyaishe kabisa kabla ya safari.
- Viza inayolingana na unachokwenda kufanya. Usiingie kwa viza ya utalii ukitumaini kurekebisha mambo ukifika.
- Vyeti halisi vya kuzaliwa, vya ndoa na vya elimu, pamoja na nakala zilizothibitishwa na wakili. Nakala nyingine mwachie mtu nyumbani.
- Barua ya kanisa linalokutuma, yenye jina la mtu anayeweza kupigiwa simu.
- Kadi ya chanjo. Ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 inahesabiwa kuwa ya maisha yote, kwa hiyo kadi ya zamani usiitupe.
- Dawa zako za kila siku za miezi mitatu, zikiwa kwenye makopo yake, na cheti cha daktari. Uliza kwanza kama dawa hizo zinaruhusiwa nchi unayokwenda.
- Bima ya afya inayolipia pia kusafirishwa kwa dharura.
- Nauli ya kurudi kwa familia nzima, ikae kwenye akaunti usiyoigusa.
- Mtu mmoja nyumbani mwenye hati ya kisheria ya kukuwakilisha benki, kwenye ardhi na kwenye mambo ya mirathi.
- Madaftari mawili: moja la lugha, moja la pesa.

Nguo, vyombo na vitabu sivitaji. Watu hujaza masanduku vitu ambavyo hata huko vinauzwa, kisha wakasahau cheti cha ndoa. Familia moja ninayoifahamu ilisumbuka miezi mitano na kibali cha mama kwa sababu cheti kilibaki kabatini, na aliyekuwa na ufunguo alikuwa amehama mji.

Hatua ya 1: Maliza karatasi kwanza

Juma la kwanza usikubali mwaliko wowote wa kuhubiri. Nenda uhamiaji, jiandikishe ubalozi wa nchi yako kama upo, fungua laini ya simu kwa jina lako mwenyewe. Kisha tembelea kwa miguu yako hospitali utakayoitegemea. Ujue mlango wa dharura uko wapi, wanapokea malipo ya namna gani, na usiku nani anaweza kukupeleka. Andika tarehe ya kibali kuisha ukutani, na chini yake tarehe nyingine miezi mitatu kabla. Hiyo ya pili ndiyo siku ya kuanza kushughulikia upya.

*Angalizo:* Usidanganye kuhusu kazi yako kwenye fomu. Kama nchi hairuhusu wamisionari, kanisa lako likutume kwa kazi halisi, ya ualimu, uuguzi au ufundi, na uifanye kweli, jasho likutoke. Paulo alishona mahema Korintho, na mahema yale yalikuwa mahema kweli.

Hatua ya 2: Linda mwili

Maji yachemke mpaka yatokote, uyaache dakika nzima yakitokota. Ukiwa nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000, acha dakika 3. Kwenye nchi ya malaria lala ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza, maana kinga uliyozoea kuwa nayo, kama ulikuwa nayo, hupungua ukikaa mbali na ugonjwa. Homa yoyote ipimwe siku hiyohiyo. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, halafu hospitali moja kwa moja, hata jeraha likiwa dogo kama ukucha. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona, lakini chanjo ikiwahi huzuia.

Nimeandika kwa kifupi. Daktari wako atakupa mengine kulingana na unakokwenda.

Hatua ya 3: Fanya lugha kuwa kazi yako

Hapa nitakaa, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapojidhulumu. Ombeni kanisa lililowatuma likubali kwa maandishi kwamba mwaka wa kwanza kazi yenu ni lugha. Bila hivyo, mwezi wa tatu mtaulizwa mmebatiza wangapi, nanyi kwa aibu mtakimbilia mkalimani, na mkalimani akishazoeleka hamtamwacha tena.

Fanya hivi:

1. Tafuta msaidizi wa lugha. Si lazima awe mwalimu. Anatakiwa awe mzawa, mwenye subira, anayesema kwa uwazi, na wa jinsia yako. Mlipe kwa saa, kwa kiwango mtakachokubaliana mapema.
2. Kaeni saa mbili kila siku, siku tano kwa juma. Saa mbili za kila siku zinazidi saa kumi za Jumamosi.
3. Majuma manne ya mwanzo wewe usiseme sana. Msikilize akikuamuru, nawe utende: simama, keti, chukua, rudisha. Mwili ukishatii neno, mdomo utafuata.
4. Rekodi dakika tano za mwisho kwa simu yako. Zisikilize jioni ukifua au ukipiga deki.
5. Toka mchana huohuo ukatumie ulichojifunza kwa watu watano tofauti. Watano, hata kama ni sentensi moja tu.
6. Usiku andika kwenye daftari maneno mapya yasiyozidi kumi, kila neno ndani ya sentensi yake.

Nikuonyeshe inavyokuwa. Msaidizi wangu wa kwanza alikuwa fundi viatu. Nilikaa kwenye kigoda pembeni ya benchi lake, mbele yetu sindano, uzi, gundi, nyundo na soli kuukuu. Alisema neno la sindano, nikaigusa. Akasema "nipe sindano", nikampa. Akasema "weka sindano chini ya soli". Tulizunguka vitu vile vitano siku nne. Siku ya tano alivuta uzi akalitaja tendo lile, nikaliandika kwa furaha: kuvuta. Jioni nikalitumia kwa jirani aliyekuwa akivuta mkokoteni, akanitazama asielewe. Kesho yake fundi aliweka nyundo chini, akashika uzi kwa vidole viwili akauvuta taratibu na kusema lile neno, kisha akainuka akashika mguu wa benchi, akaukokota mpaka vumbi likatimka, akasema neno lingine kabisa. Kitabu changu cha sarufi kilikuwa na neno moja tu. Tangu siku ile sikuandika tena neno peke yake, naliandika na kitu kilichokuwa mkononi mwa aliyelisema.

Wasomaji wa Kiswahili tuna shahidi wetu kwa habari hii. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kukusanya maneno mapema, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufariki kwake. Adoniram Judson, mmisionari Mmarekani, aliingia Burma (Myanmar ya leo) mwaka 1813, na mwamini wa kwanza alimbatiza mwaka 1819, miaka sita baadaye. Wakikuuliza mwezi wa tatu kwa nini bado unajifunza, watajie miaka hiyo.

*Angalizo:* Kosa kubwa ni kujifunza lugha ya mahubiri kabla ya lugha ya nyumbani. Unaweza kujua neno la "utakaso" usijue la "nimekukosea, nisamehe".

Hatua ya 4: Panga juma, na siku ya kupumzika iwe yake

Asubuhi lugha, mchana watu, jioni nyumba. Panga hivyo kwa kuanzia. Jumapili usiihesabu kuwa mapumziko, kwa kuwa wewe Jumapili unafanya kazi. Chagua siku nyingine, uwaambie majirani mapema kwamba siku hiyo mnakuwa na familia, na siku hiyo msiongee habari za huduma hata mezani. Tulichelewa miezi minane kufanya hivyo, na watoto ndio walioona tofauti kabla yetu.

Hatua ya 5: Uwe jirani kabla hujawa mtumishi

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usisubiri kupewa, liombe. Nenda kwa wenye mji ujitambulishe, uulize nani ni mkubwa wa mtaa na anasalimiwaje. Nenda msibani hata kama huna la kusema. Ukikaa kimya na waliofiwa saa nzima umeshasema mengi. Kuhusu mavazi, tazama watu wa rika lako wanaoheshimika wanavaaje, ufuate. Hudson Taylor, mmisionari Mwingereza huko China, alivaa mavazi ya Kichina mwaka 1855, na waliomshangaa zaidi walikuwa Wazungu wenzake.

Kubali pia kusaidiwa. Wamisionari wengi tunajua kutoa, kupokea kunatushinda. Mwache jirani akutengenezee kitasa, akuchungie mtoto, akufundishe kupanga foleni. Mtu aliyekusaidia anakuona wake.

Tena jiunge na kanisa la mahali kama lipo, ukae chini ya mchungaji wake. Ukikosoa ibada yao mwaka wa kwanza utakuwa unakosoa usichokijua.

Hatua ya 6: Pesa

Gawa fedha ya mwezi siku inapoingia: ya nyumba, ya kazi, ya kusaidia. Zisichanganyike hata siku moja. Ya kazi iandikwe kila kitu na iwe na macho mawili, yako na ya mtu mwingine asiye mwenzi wako. Ya kusaidia ikiisha, imeisha mpaka mwezi ujao, na huo utaratibu utakulinda wewe na anayeomba.

Sasa lile swali: wakiniomba? Mwaka wetu wa kwanza baba mmoja alibisha hodi saa 3 usiku, karatasi ya dawa mkononi, mtoto ana homa kali. Nilitoa pesa mlangoni, akaenda. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini baada ya mwezi mzee wa kanisa alinijia kwa upole akaniambia kwamba wao wana kikundi cha kusaidia wagonjwa, kila nyumba huchangia kidogo, na tangu watu wajue mlango wangu hufunguka, michango imeacha kuja. Nilikuwa nimevunja kitu kilichochukua miaka kujengwa, na sikujua kama kipo.

Kwa hiyo:

1. Hatari ya uhai, saidia sasa hivi. Nenda naye mpaka duka la dawa, ulipie pale.
2. Jambo lisilo la dharura, sema: "Nipe mpaka kesho nizungumze na wazee." Kisha zungumza nao kweli, utoe kupitia kwao.
3. Usikopeshe. Toa, au kataa kwa heshima. Deni litamfanya akukimbie.
4. Usimlipe mshahara mchungaji wa mahali kwa pesa yako peke yako. Siku ukiondoka atabaki bila kitu, na waumini watakuwa hawajazoea kumtunza.

Henry Venn, aliyekuwa katibu wa CMS, shirika la umisionari la Kianglikana la Uingereza, kuanzia 1841 hadi 1872, alisisitiza kwamba kanisa lijitawale, lijitegemee na lijieneze. Kipimo hicho kitumie kila unapofungua pochi.

Hatua ya 7: Barua ya kila mwezi kwa waliokutuma

Paulo na Barnaba waliporudi Antiokia walilikusanya kanisa wakaeleza yote. Nawe eleza. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: jambo moja uliloliona kwa macho, jambo moja gumu, maombi matatu, na mahesabu kwa kifupi. Iende tarehe ileile kila mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichotokea. Mwezi kama huo ndio unaowafundisha waombezi wako kazi hii ilivyo.

*Angalizo:* Usipige picha ya mtu ukiwa umelenga michango. Omba ruhusa, mweleze picha inakwenda wapi, na jiulize kama ungefurahi mama yako apigwe hivyo na kuonyeshwa mbele ya watu wasiomjua. Palipo na upinzani usitaje majina wala mji, na zima huduma ya mahali kwenye kamera ya simu, kwa sababu picha hubeba alama ya ilikopigwa. Waambie na watu wa nyumbani wasikuandikie maneno yatakayowaponza wenyeji wako. Wewe ukifukuzwa utapanda ndege. Wao watabaki.

Hatua ya 8: Nyumba yako ni sehemu ya huduma

William Carey, mmisionari Mwingereza, alifika India mwaka 1793, na kazi yake ya kutafsiri Maandiko inaheshimiwa mpaka leo. Mwaka uliofuata mwanawe Peter alifariki akiwa na miaka mitano, na mkewe Dorothy, ambaye tangu mwanzo hakutaka safari ile, akapoteza afya ya akili asipone mpaka alipofariki mwaka 1807. Siandiki hili kumhukumu mtu. Naliandika kwa sababu habari za chumba cha pili cha nyumba ile husimuliwa mara chache.

Muulize mwenzi wako kabla ya kuondoka: una wito, au unanifuata? Jibu likiwa la pili, subirini. Mkishafika, wote wawili mjifunze lugha, mkipokezana watoto. Mke akibaki ndani mwaka mzima bila lugha, amefungwa. Watoto wapewe kazi ya kuchagua: kitu kimoja cha kubeba kutoka nyumbani ambacho hakuna mtu mzima atakayekikataa, na suala la shule liamuliwe kabla ya safari. Aliyekwenda peke yake bila ndoa apate familia moja ya mahali pa kuingia bila hodi, na mtu mmoja wa kumpigia simu kila juma asiye mwajiri wake.

Mambo yakikwama

*Miezi minne, lugha haiingii.* Hesabu saa kwanza. Mara nyingi tatizo ni saa: zilipangwa kumi, zilifanyika tatu. Kama saa zipo, badilisha msaidizi, au hamia kwa mwenyeji juma mbili usikie lugha ya asubuhi na ya usiku.

*Kila kitu kinaniudhi: foleni, kelele, namna wanavyojibu.* Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliueleza mshtuko huu wa utamaduni mgeni miaka ya 1950, na huja hasa furaha ya mwanzo ikishapoa. Haumaanishi wito umekufa. Usifanye uamuzi mkubwa ndani yake, usiandike barua ndefu, na punguza kukaa na wageni wenzako wanaolalamika.

*Nimechoka, maombi yamekauka.* Eliya chini ya mretemu alipewa usingizi na chakula mara mbili kabla ya kusemeshwa neno la kazi. Lala. Usingizi ukikataa majuma mawili, au ukianza kutamani kufa, mwone daktari na umwambie kiongozi wako siku hiyohiyo. Ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa.

*Pesa haijafika.* Lipa kodi ya nyumba kwa akiba, simamisha ya kazi, waambie wenyeji unaofanya nao kazi ukweli bila kulalama. Ikichelewa miezi miwili mfululizo, omba kikao na kanisa lako.

*Hatuelewani na mwenzangu wa timu.* Semeni wawili kwanza, kisha mbele ya mtu wa tatu. Paulo na Barnaba walitengana, na kazi ikaendelea pande mbili. Ila wasitumiwe wenyeji kuwa mashahidi wa ugomvi wenu.

*Mzazi amefariki nyumbani.* Amueni kabla hamjaondoka, na muandike: misiba ipi mtarudi, nani atalipa nauli, nani atawawakilisha kama ndege haipatikani. Usiku wa taarifa hakuna anayeweza kufikiri. Usipoweza kurudi, wakaribishe majirani mkae msiba hapohapo mlipo. Waacheni waje wakae nanyi.

*Nimerudi likizo na nina homa.* Mtaje daktari nchi uliyotoka kabla hajakuuliza, hata kama zimepita wiki nyingi tangu usafiri. Malaria huweza kujitokeza baadaye, na daktari asiyejua ulikotoka ataitafuta mwisho.